La Débâcle ya Émile Zola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya ya jeshi lililoshindwa

Kila ninapomwazima mtu nakala yangu ya riwaya hii, hurudi na maswali, na mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa nikayajibu. Tahadhari moja: nasimulia mpaka mwisho wa hadithi. Kama hupendi kuambiwa mapema nani anakufa, ishia kwenye jibu la nne, kasome kitabu, kisha urudi.

Hii ni riwaya gani?

Ni riwaya ya Mfaransa Émile Zola, iliyotoka mwaka 1892. Inasimulia vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, hasa siku zile jeshi zima la Ufaransa lilipozungukwa katika mji mdogo wa Sedan, karibu na mpaka wa Ubelgiji, likajisalimisha pamoja na kaizari wake, Napoléon III.

Débâcle ni neno ambalo Wafaransa hulitumia kwa barafu ya mto inapopasuka ghafla na kusombwa na maji. Baadaye likahamia kwa jeshi linalosambaratika. Nikiisimulia kwa Kiswahili huiita Mporomoko, ingawa ile sauti ya barafu inapotea.

Kitabu kina sehemu tatu, kila moja sura nane. Ya kwanza ni kutembea, kutembea, kutembea. Ya pili ni siku moja tu ya mapigano, tarehe 1 Septemba 1870. Ya tatu ni yale yanayobaki baada ya bunduki kuwekwa chini, na kwangu hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Lazima nisome vitabu vingine vya Zola kwanza?

Hapana. Ni cha 19 katika mlolongo wa riwaya 20 za ukoo wa Rougon-Macquart, lakini humu wa ukoo huo ni mmoja tu, koplo Jean Macquart. Ujue tu kwamba alipata kuwa askari, akawa mkulima, akafiwa na mke na kupoteza ardhi, ndipo akarudi jeshini. Yanatosha.

Watu wanasema ni riwaya ya "uasilia". Maana yake nini?

Uasilia ulikuwa mwelekeo wa waandishi walioamini kwamba binadamu anatakiwa kutazamwa kama daktari anavyomtazama mgonjwa: damu aliyorithi, mazingira yaliyomlea, njaa yake, usingizi wake, hofu yake. Mwandishi wa namna hiyo haanzi na ushujaa. Anaanza na tumbo.

Ukitaka kuelewa haraka, soma sura mbili za mwanzo. Kambi iko karibu na Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, mwezi wa Agosti. Askari wanahangaika na moto unaokataa kuwaka, wanataka wapike wale. Hawajamwona adui hata mmoja. Usiku inaingia habari kwamba wenzao wamepigwa kule Froeschwiller, na jeshi linaamriwa kurudi nyuma kuelekea Belfort. Njiani, kwenye jua kali, mmoja anatupa shanta yake shimoni. Wa pili anatupa. Wa tatu anatupa bunduki, na baada ya hapo zinatupwa nyingi. Maurice, kijana msomi aliyejiunga kwa hiari yake, naye anatupa ya kwake. Jean, koplo wake, anamwamuru aiokote. Anaiokota huku akimchukia. Wakati huohuo bibi kizee wa shambani anasimama kando ya njia akiwatukana, akiwanyooshea mkono upande wa pili: mto Rhine uko kule, ninyi mnakwenda wapi?

Hapo jeshi limeshashindwa, na hakuna risasi iliyorushwa. Zola anakuonyesha kwamba kushindwa huanzia kwenye chungu kisichochemka na kisigino kilichochubuka, hupanda polepole mpaka kichwani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipigana vita vya Kagera. Nilipomsimulia sura hiyo aliniuliza swali moja tu: "Viatu walikuwa navyo?"

Sijui historia ya Ufaransa. Nitapotea?

Utapotea kidogo, nao askari wa kitabuni wamepotea vilevile, kwa hiyo usijilaumu. Shika haya tu.

Ufaransa ilitangaza vita tarehe 19 Julai 1870, baada ya ugomvi kuhusu mwanamfalme wa Kiprussia aliyetakiwa kukalia kiti cha ufalme wa Hispania. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alikuwa akiitaka vita hiyo ili kuziunganisha nchi za Kijerumani, na Wafaransa wakampa. Tarehe 6 Agosti walipigwa mara mbili kwa siku moja. Jeshi lao kubwa, chini ya Bazaine, likafungiwa katika mji wa Metz. Jeshi lililobaki, chini ya MacMahon, lilikuwa na watu wapatao 120,000, na ndani yake mlikuwa na kaizari mgonjwa asiye na amri juu ya yeyote. Busara ilidai lirudi kuulinda mji wa Paris. Siasa ikadai liende kumwokoa Bazaine, kwa sababu wakuu wa Paris waliogopa kwamba kaizari akirudi mikono mitupu watu watapindua serikali. Likaenda, likasitasita, likageuka, likageuka tena. Tarehe 30 Agosti likashambuliwa kwa ghafla Beaumont, na siku mbili baadaye likanaswa Sedan, bondeni, mizinga ya adui ikiwa juu ya vilima pande zote.

Tarehe 4 Septemba Jamhuri ilitangazwa Paris. Mji ukazingirwa mpaka mwisho wa Januari 1871. Machi hadi Mei 1871 Paris ikajitawala chini ya Komuni, serikali ya wananchi walioasi, na jeshi la serikali lililokuwa Versailles likaingia na kuizima kwa damu. Riwaya inakomea kwenye moto huo.

Kwa nini Wafaransa walishindwa? Kitabu kinatoa jibu?

Kinatoa majibu mengi, na uzuri wake ni kwamba mengi hayatoki kwenye hotuba. Unayaona kwa macho ya askari wa kawaida.

Chukua silaha. Bunduki ya Mfaransa, Chassepot, ilikuwa bora kuliko ya Mprussia, ilipiga mbali karibu mara mbili. Lakini mizinga ya Wafaransa ilikuwa ya shaba, ikijazwa kwa mbele, na makombora yake mengi yalipasukia angani kabla ya kufika. Wajerumani walikuwa na mizinga ya chuma cha pua ya Krupp, inayojazwa kwa nyuma, inapiga mbali na inalenga. Kwa hiyo pale Sedan askari wa Jean wanalala kifudifudi kwenye shamba la kabichi saa nyingi wakipigwa na mizinga ambayo hawawezi kuifikia. Bunduki nzuri iko mkononi na haina kazi. Hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayokueleza jambo hilo kuliko kurasa zile.

Chukua ramani. Maofisa walipewa ramani za Ujerumani, maana walitarajia kuvamia. Za Ufaransa hawakuwa nazo, na karibu vita vyote vilipiganwa Ufaransa.

Chukua uongozi. Asubuhi ile moja jeshi lilikuwa na makamanda watatu. MacMahon alijeruhiwa mapema, akamkabidhi Ducrot, ambaye aliamuru kurudi magharibi kabla mlango haujafungwa. Saa chache hazijapita, jenerali Wimpffen akatoa mfukoni barua ya waziri iliyompa yeye madaraka, akafuta amri na kuwaelekeza watu mashariki. Askari anayekimbia kwenda huku kisha kule huku wenzake wanaanguka hajui lolote kuhusu barua. Anachojua ni kwamba amepita mahali palepale mara mbili.

Na chukua mkate. Masurufu yalikuwa yakienda njia moja, jeshi njia nyingine. Askari wanalala na njaa, halafu wanapishana na msafara wa kaizari: magari, majiko, vyombo vya fedha, mvinyo. Sura hizo nimezisoma mara kadhaa, na kila mara nakunja ngumi.

Jean na Maurice ni akina nani, na kwa nini urafiki wao unasifiwa?

Jean ana miaka 39, ni mtu wa jembe, kusoma kwake ni kwa shida. Maurice ana miaka 20 na ushei, amesomea sheria Paris, anajua kueleza kila jambo na hajui kuvumilia hata moja. Mwanzoni msomi anaona aibu kuamriwa na mshamba. Kisha kisigino kinamvimba Maurice, na ni Jean anayemhudumia kama mama anavyomhudumia mtoto. Siku nyingine, chakula hakuna, Jean anampa biskuti yake ya mwisho na kumdanganya kwamba ameshiba. Siku ya mapigano kipande cha kombora kinampiga Jean kichwani, na Maurice, yule mlegevu, anambeba mgongoni chini ya makombora.

Wanaacha kuitana kwa heshima ya mbali, wanaanza kuitana kama ndugu. Zola anataka uone nusu mbili za nchi moja, ile inayofikiri na ile inayolima, zikijifunza kupendana kwenye tope. Ndiyo maana mwisho wao unauma. Mei 1871, usiku, Paris inawaka. Maurice amejiunga na Komuni, Jean yuko katika jeshi la Versailles. Kwenye kizuizi cha mtaa wa Rue du Bac, Jean anamchoma singe mpiganaji asiyemwona vizuri gizani. Anageuka, ni Maurice.

Wasomaji wengine husema tukio hilo limepangwa mno. Ni kweli limepangwa. Hata hivyo, nenda kaulize mtu yeyote aliyeishi katika nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kama mambo ya namna hiyo hayatokei.

Raia wamo kwa kiasi gani?

Wamo tele, na hapa ndipo Zola anapowazidi waandishi wengi wa vita. Vita kwake vinaingia jikoni.

Weiss ni mume wa Henriette, dada pacha wa Maurice. Anafanya kazi katika kiwanda cha vitambaa, mpole, macho yake mabovu, anavaa miwani. Amenunua nyumba ndogo katika kijiji cha Bazeilles. Jioni ya kuamkia mapigano anakwenda kuiangalia tu, basi, na alfajiri vita vinamkuta humo. Kombora linapiga paa lake. Watu anaowafahamu wanakufa mbele yake. Mtu huyu wa amani anaokota bunduki ya marehemu na kupiga mpaka risasi zinaisha. Wabavaria, askari wa Kijerumani kutoka Bavaria, wanamkamata, na kwa kuwa hana sare, wanamweka ukutani. Henriette amevuka uwanja wa mapigano kwa miguu kumtafuta, anafika wakati huo, anamng'ang'ania, wanambandua. Zola hakuinua sauti hata kidogo alipoandika ukurasa huo. Bazeilles ilichomwa kweli, na nyumba ambamo wanajeshi wachache walipigana mpaka risasi ya mwisho leo ni makumbusho.

Silvine, mtumishi wa shambani huko Remilly, anakwenda na gari la punda kumtafuta mpenzi wake Honoré kati ya maiti, anamkuta kando ya mzinga wake. Baadaye mwanamke huyohuyo anamtoa kwa wapiganaji wa msituni baba wa mtoto wake, jasusi wa Kiprussia anayeitwa Goliath, naye anachinjwa jikoni kama nguruwe, damu ikikingwa kwenye chombo. Mtoto yuko chumba cha pili. Kama unasoma usiku, ahirisha sura hiyo mpaka mchana.

Wapo pia wasiopendeza. Mzee Fouchard hawapi mkate askari wenye njaa wa nchi yake, kisha anawauzia Waprussia nyama mbovu na kujihesabu mzalendo. Delaherche, mwenye kiwanda, moyo wake wote uko kwenye mashine zake, hata ua wa kiwanda unapogeuzwa hospitali na daktari Bouroche anakata miguu na mikono mfululizo, vipande vikirundikwa pembeni. Sidhani Zola anawahukumu. Anaonyesha tu jinsi mali inavyomshika mtu hata nyumba ya jirani inapoungua.

Na yupo mkulima asiye na jina. Katikati ya mapigano, katika bonde lililojificha, mtu analima na farasi wake mweupe, taratibu, kana kwamba mizinga ni radi ya mbali. Ngano haitaacha kuota kwa sababu watu wanauana.

Sura ya Iges inazungumzwa sana. Ina nini?

Baada ya kujisalimisha, askari zaidi ya 80,000 walipelekwa kwenye rasi ya Iges, kipande cha ardhi kilichozungukwa na mto Meuse karibu pande zote. Upande uliobaki ulikuwa na walinzi. Mvua ilinyesha. Chakula hakikuwepo. Wafaransa wenyewe waliita mahali pale kambi ya mateso.

Zola anatupa siku baada ya siku. Watu wanachimba viazi mpaka vinaisha, wanakula farasi waliokufa, maji ya mtoni yana maiti wanaoelea. Farasi wasio na mwenyewe, wamekonda, wanakimbia kwa makundi usiku, wakipita juu ya waliolala. Kisha kikosi kidogo tulichokifahamu tangu Mulhouse kinaoza mbele yetu. Pache, kijana mcha Mungu, amepata mkate na kuuficha. Anaula kwa siri. Wenzake Chouteau, Loubet na Lapoulle wanamfuatilia, wanamdai, anakataa, na Lapoulle anamchoma kisu. Watu hawa walikula chungu kimoja mwezi mzima.

Ukiniuliza ni wapi jeshi la Ufaransa lilishindwa kabisa, nitakuonyesha mkate ule.

Ni kweli kaizari alijipaka rangi usoni?

Humu kitabuni, ndiyo: Napoléon III anapakwa wekundu mashavuni ili askari wasione alivyokwisha. Jambo hilo liliwaudhi watu wengi, na wanahistoria wamelibishia. La hakika ni kwamba alikuwa na mawe kwenye kibofu yaliyomtesa vibaya, na alikufa Januari 1873 baada ya kufanyiwa upasuaji huko Uingereza. Hata pale Sedan alikaa juu ya farasi chini ya makombora saa nyingi. Zola, aliyeupinga utawala wake maisha yote, anamwandika kwa huruma ambayo sikuitarajia: mtu anayetembea dirishani usiku, hali chakula, hapati usingizi, anatafuta kombora ambalo halimpati.

Zola mwenyewe alipigana?

Hapana. Macho yake yalikuwa mabovu, na alikuwa mtoto pekee wa mama mjane. Alifanya kazi ya kutafuta. Aprili 1891 alisafiri na mkewe kwa gari la farasi kutoka Reims hadi Sedan akifuata njia ileile ya jeshi, akiwauliza wenyeji waliyoyaona miaka ishirini nyuma, akiandika urefu wa barabara, umbo la vilima, rangi ya ukuta. Askari wa zamani walimpa kumbukumbu zao. Ndiyo maana unaweza kufungua ramani na kuwafuata Jean na Maurice kijiji kwa kijiji.

Kilipokelewaje?

Kiliuzika sana tangu siku za mwanzo. Wanajeshi na wahafidhina walikasirika: ameonyesha askari wanaotupa bunduki, ameonyesha majenerali wasiojua walipo, ameitukana sare. Mwaka 1898 alipoandika barua yake maarufu ya kumtetea kapteni Dreyfus, aliyefungwa bila hatia, maadui wake walikumbushia kitabu hiki. Kwa maoni yangu hakuitukana sare hata chembe. Aliyemtukana askari ni yule aliyempeleka vitani bila mkate.

Kuna udhaifu?

Upo. Sehemu ya Komuni imeandikwa kwa haraka na kwa upande mmoja. Zola anaiona kama homa, kiungo kilichooza kinachopaswa kukatwa ili mwili upone, na wafanyakazi wa Paris waliopigwa risasi kwa maelfu hawapati kwake subira aliyowapa askari wa Sedan. Mfano wa kiungo kilichooza ni hatari, maana siku zote mwenye kisu ndiye anayeamua kipi kimeoza.

Tena, Waalgeria waliopigana na kufa upande wa Ufaransa katika vita hivyo wanapita kama vivuli. Prosper, Mfaransa aliyetumika Algeria katika askari wa farasi, ana hadithi yake na hata farasi wake ana jina. Mwafrika hana.

Kinatuhusu nini sisi?

Zaidi ya unavyodhani. Dola la Ujerumani lilitangazwa tarehe 18 Januari 1871, ndani ya kasri la Versailles, Paris ikiwa bado imezingirwa. Yaani lilizaliwa kutokana na ushindi huu. Miaka chini ya ishirini baadaye mizinga yake ilikuwa mbele ya Bagamoyo na Pangani. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Zola alikwenda kuwahoji wakulima wa Sedan Aprili 1891.

Na sisi tulikuwa na waandishi wetu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivyo vya Mrima, akisimulia pigo lililowashukia watu wake, kwa mizani na vina. Visome viwili hivi pamoja. Mmoja ana dua na majina ya mashujaa, mwingine ana tope na viazi. Wote wawili wanaandika kutoka upande wa walioshindwa, na aliyewashinda ni mmoja.

Nisome nakala gani?

Ukijua Kifaransa, maandishi ya asili hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure kwenye intaneti. Kwa Kiingereza iko tafsiri ya Leonard Tancock ya mwaka 1972, na ya Elinor Dorday, mpya zaidi. Zile za zamani za miaka ya 1890 huwa na jina The Downfall.

Chora ramani yako kwenye karatasi kabla ya kuanza: Mulhouse, Belfort, Reims, Le Chesne, Beaumont, Remilly, Sedan. Weka Bazeilles kusini-mashariki ya Sedan, Illy kaskazini, Iges kaskazini-magharibi kwenye kona ya mto. Kila wanapohamishwa, piga mstari. Ukifika sehemu ya pili utaona mistari imekwenda ikarudi, na utakuwa umechoka pamoja nao.